Magemu ya adivencha ya kizamani: maswali mnayouliza kila siku, na majibu yake

Haya nimeyakusanya sababu nimechoka kujibu kitu kilekile kila mtu akisikia nacheza magemu ya 1990. Ruka hadi unapotaka, hamna mpangilio wa maana sana.

Kwanza adivencha ni gemu la aina gani?

Ni gemu la kutumia kichwa zaidi ya vidole. Una mhusika mmoja, una mahali pa kuzunguka, una watu wa kupiga nao stori na una begi la vitu ulivyookota, basi. Hakuna bunduki, hakuna saa inayokukimbiza, na kwenye mengi hata kufa hufi. Unabofya mlango, umefungwa, unaanza kutafuta funguo, kumbe funguo anazo mzee mmoja ambaye hakupi mpaka umletee kitu fulani, na hicho kitu kipo kwa mtu mwingine ambaye hata salamu yako haitaki. Ndo mwendo huo mpaka mwisho.

Ninaposema ya kizamani namaanisha ule mtindo wa picha bapa, mausi, na maandishi chini ya skrini, ule uliotawala miaka ya 80 mwishoni na 90 mwanzoni. Yapo yaliyotoka mwaka jana yana mtindo huohuo, nayo nayahesabu.

Yalianzia wapi?

Marekani, kwenye makompyuta makubwa ya ofisini. Jamaa anaitwa Will Crowther, programa ambaye starehe yake ilikuwa kutambaa mapangoni, mwaka 1976 aliandika gemu kwenye mashine ya PDP-10 akitumia ramani ya kweli ya sehemu ya pango la Mammoth kule Kentucky. Mwaka uliofuata Don Woods akaliongezea mambo ya hazina na vibwengo. Likaitwa Colossal Cave Adventure, na jina la aina nzima ya magemu limetoka hapo. Halikuwa na picha hata moja, kompyuta inakuambia uko wapi na wewe unaandika unataka kufanya nini.

Wanafunzi wa MIT wakatengeneza Zork, wakafungua kampuni yao Infocom 1979. Halafu 1980 Roberta Williams na mumewe Ken wakatoa Mystery House kwenye Apple II, michoro ya mistari tu kama ya mtoto wa shule ila ilikuwa picha, wakawa wanaiuza kwenye mifuko ya plastiki ile ya kufunga kwa kubana, na ikauza zaidi ya nakala 10,000. Kampuni yao ndo ikaja kuwa Sierra, wenye King's Quest ya 1984.

Upande wa pili kulikuwa na Lucasfilm Games, ndiyo, kampuni ya yule wa Star Wars. Ron Gilbert na Gary Winnick walitoa Maniac Mansion 1987, na humo wakaondoa ule usumbufu wa kuandika, vitenzi vyote vikapangwa chini ya skrini, fungua, sukuma, chukua, wewe unabofya tu. Mfumo walioutumia unaitwa SCUMM, ulikumbuke hilo jina maana linarudi mbele.

Utamu wake uko wapi hasa? Mi naona mtu anatembea tu.

Utamu uko kwenye kukwama. Najua linasikika vibaya. Magemu mengine ukishindwa unajua kwanini umeshindwa, umepigwa, umechelewa, umeanguka, unarudia mpaka mkono uzoee. Hapa hujapigwa na mtu. Vitu vyote unavyohitaji umeshaviona, pengine viko kwenye begi lako toka asubuhi, shida ni kwamba hujaviangalia vizuri. Unazima kompyuta unaenda kuoga, katikati ya kuoga jibu linakuja lenyewe. Hakuna gemu la mpira litakufanyia hivyo.

Chukua The Secret of Monkey Island ya 1990. Wewe ni kijana mmoja anaitwa Guybrush Threepwood, unataka kuwa haramia, na moja ya majaribio ni kumshinda bingwa wa upanga wa kisiwa. Sasa kwenye gemu hilo upanga wenyewe sio wa kukata, mnapigana kwa matusi. Anayetupa tusi kali lisilojibika anamsukuma mwenzake nyuma, anayejibu vizuri anageuza kibao. Ni mipasho mitupu, yani wangefunga na kinanda ingekuwa taarabu. Unapoanza huna tusi hata moja la maana, kwa hiyo unatembea barabarani unachokoza maharamia wa kawaida, wanakutukana, unashindwa, lakini tusi lao umelibeba, unaenda kumtupia mwingine usikie yeye anajibuje, na jibu lake nalo unalibeba. Unashindwa mara kibao na kila kushindwa kuna faida.

Ukishashiba unamfuata bingwa, anaitwa Carla. Anafungua mdomo, unakuta matusi yake yote ni mapya, hujawahi kuyasikia. Hapo wengi wanaganda. Mpaka unashtuka kwamba majibu yako ya zamani yanaingia kwenye matusi mapya ukiyachagua vizuri. Hujapewa silaha mpya wala hujapanda levo, umeelewa tu ulichokuwa nacho. Mimi hicho kipande nakiweka juu ya mapigano mengi ya mabosi, wale maadui wakubwa, niliyoyaona kwenye magemu ya bajeti za mamilioni.

Na utani ndo nusu ya biashara. Ukibofya kitu ambacho hakina kazi yoyote unapata kijembe. Kwa hiyo unabofya kila kitu.

Mbona nasikia mafumbo yake mengine yalikuwa ya kijinga kupindukia?

Yalikuwa, tusidanganyane. Mfano ambao kila mtu anautaja ni Gabriel Knight 3 ya 1999. Gabriel anataka kukodi pikipiki, na pikipiki imewekwa kwa jina la rafiki yake, basi inabidi ajifanye ndo huyo rafiki. Unachotakiwa kufanya ni hiki: unabandika selotepu kwenye tundu la banda, unamkurupusha paka apite hapo, manyoya yanabaki kwenye selotepu, unayachukua unayagandisha juu ya mdomo kwa shira ili yawe masharubu. Na yule rafiki HANA masharubu. Kwa hiyo unaiba kitambulisho chake unamchorea masharubu kwa kalamu ili mfanane. Nani anafikiria hivyo jamani.

Hilo angalau ukikazana unalifungua. Kibaya zaidi ni King's Quest V ya 1990. Kuna sehemu paka anamkimbiza panya, usipomrushia paka kitu papo hapo panya anakufa, na wewe unaendelea na safari kwa furaha zako hujui kwamba umeshapoteza, sababu huyo panya ndo angekuja kukukatia kamba masaa kadhaa mbele. Au ukile kitafunwa fulani ulichonunua mjini ukiwa na njaa, kumbe kilitakiwa kwenda usoni kwa zimwi la theluji. Kama hukusevu nyuma huko, anza upya.

Ron Gilbert aliyasema haya mapema kabisa, 1989, aliandika makala nzima akieleza kwanini magemu ya adivencha yanaboa, akataka wabunifu waache kumuua mchezaji hovyo na kumfungia njia bila kumwambia. Halafu akaenda kutengeneza Monkey Island akifuata sheria zake mwenyewe. Ndo maana la kwake bado linachezeka leo na ya wengine yamebaki ya kusimulia.

Nani aliyaua?

Watu wanapenda kusema ni Doom, lile gemu la bunduki, na kuna wanaosema ni yale masharubu ya paka. Mi naona yote ni visingizio, kilichoua ni gharama.

Angalia 1993. Mwaka huo ilitoka Day of the Tentacle, ikatoka Myst ya ndugu wawili Rand na Robyn Miller, na mwezi wa kumi na mbili ndo Doom. Myst iliuza nakala zaidi ya milioni 6 na ikakaa kileleni kama gemu la PC lililouza kuliko yote mpaka The Sims ilipoipita 2002. Gemu la mafumbo, kimya, hamna wa kumpiga! Kwa hiyo soko lilikuwepo. Shida ni kwamba mabosi walipoiona Myst wakaona CD, wakaona picha kali, wakaanza kumwaga hela huko. Sierra wakatoa Phantasmagoria 1995 ikiwa na waigizaji wa kweli na CD 7 kwenye boksi moja. Iliuza vizuri tu, ila sasa kila gemu linalofuata linataka studio ya kurekodi, waigizaji, na sauti kwa kila sentensi, na idadi ya wanunuzi haikupanda kwa kasi hiyo.

Halafu ikaja 3D, na kila kampuni ikaona aibu kubaki na picha bapa. LucasArts, ndo walewale Lucasfilm Games kwa jina jipya, wakatoa Grim Fandango 1998, stori ya wakala wa usafiri kwenye nchi ya wafu, waandishi wa magemu wakaisifia mpaka basi. Mauzo hayakufika walipotarajia. Mwezi uliofuata ikatoka Half-Life, nayo ilikuwa na stori, halafu unapiga risasi humohumo ndani ya stori. Hapo ile hoja kwamba ukitaka hadithi nzuri lazima ucheze adivencha ikafa.

Sierra ilishauzwa 1996 na ofisi yao ya Oakhurst ikafungwa mwanzoni mwa 1999. LucasArts walilifuta Sam & Max jipya Machi 2004 likiwa linatengenezwa, wakisema soko haliruhusu. Wengi wanahesabu hiyo ndo tarehe ya mazishi.

Kwa hiyo yalikufa kweli?

Kwenye maduka ya Marekani ndiyo. Kwingine hapana. Ulaya waliendelea kutengeneza na kununua, Wajerumani hasa, Hamburg kulikuwa na Daedalic na Deponia zao. Wafaransa walitoa Syberia 2002, ya mchoraji wa katuni Benoît Sokal. Wacheki wa Amanita Design wakatoa Machinarium 2009, gemu zima halina neno hata moja la mazungumzo, kila kitu ni mchoro. Japani walikuwa na Ace Attorney toka 2001, mtu anabishana mahakamani, nayo ukiitazama vizuri ni adivencha.

Na chini chini huko walikuwepo watu wa AGS, Adventure Game Studio, programu ya bure aliyoianzisha Mwingereza Chris Jones miaka ya 90 mwishoni. Watu wakawa wanatengeneza magemu wakitoka kazini. Dave Gilbert wa New York alianzia huko, akafungua Wadjet Eye Games 2006, na mpaka leo anaishi kwa kazi hiyohiyo. Hana undugu na yule Ron, ni majina tu.

Ile michango ya Kickstarter ya 2012 ilikuwaje?

Tim Schafer, yule wa Grim Fandango, pamoja na kampuni yake Double Fine, waliomba watu wachange dola 400,000 kupitia Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela, laki 3 za kutengeneza adivencha ya kizamani na laki 1 ya kurekodi filamu ya jinsi inavyotengenezwa. Lengo lilifika siku hiyohiyo, wakaishia na dola milioni 3.3 kutoka kwa watu zaidi ya 87,000. Kila mtu akachanganyikiwa, wachapishaji walikuwa wanasema hakuna wateja na wateja hawa hapa wanalipia gemu ambalo hata jina halina.

Sasa sikiliza kilichofuata. Hela ilivyoongezeka na gemu likaongezeka, hadi 2013 wakatangaza kwamba haitoshi. Broken Age ikabidi ikatwe mara mbili, nusu ya kwanza Januari 2014, nusu ya pili Aprili 2015. Ni ugonjwa uleule wa 1995 umerudi na nguo mpya. Linganisha na Ron Gilbert na Winnick, wao 2014 walichangisha kama dola 626,000, wakatengeneza Thimbleweed Park kwa mtindo wa Maniac Mansion kabisa, vitenzi chini na kila kitu, wakaitoa Machi 2017. Gemu zuri mno.

Kuna hela kweli humo sasa hivi?

Kuna hela ya kuishi. Ya kununulia ghorofa sijui.

Tupige hesabu ya kuwaza tu. Gemu lako unaliuza dola 15 Steam, lile duka la magemu la mtandaoni. Limeuza nakala 20,000, ambayo kwa gemu la watu wachache ni heshima. Hiyo laki 3. Steam wanakata asilimia 30, imebaki laki 2 na elfu 10. Hapo hatujatoa kodi, hatujatoa waliorudisha gemu, na hatujasema ukweli kwamba wengi hawatanunua kwa dola 15, wanaliweka kwenye wishlisti wanasubiri lishuke hadi 5. Kilichobaki kikigawanywa kwa watu wawili watatu waliofanya kazi miaka miwili, wanakula na wanaanza jingine. Kikigawanywa kwa watu 40 hakimalizi hata miezi mitatu ya mishahara.

Hapo ndo nilipo mimi na huu mjadala wote: hii biashara haijawahi kukosa wateja, ila wateja wake hawazidi idadi fulani, na kila aliyejaribu kuwalazimisha wazidi kaumia. Daedalic waliishi miaka na adivencha za michoro bapa, wakaja kujaribu gemu kubwa la Gollum 2023, likabuma vibaya, wakafunga kitengo chao chote cha kutengeneza magemu.

Na Telltale? Si walikuwa matajiri?

Walikuwa juu. Waliianzisha watu waliotoka LucasArts 2004, baada ya lile la Sam & Max kufutwa, na The Walking Dead ya 2012 ilizoa tuzo za gemu bora la mwaka kila kona. Ila ukiangalia mafumbo walikuwa wameshayatoa, umebaki uamuzi na stori. Baada ya hapo wakanunua haki za kila sinema na kila tamthilia, kila msimu ni ileile fomula na jina jipya, wafanyakazi wakajaa, na Septemba 2018 wakafukuza karibu wote, watu kama 250, siku moja. Jina lilinunuliwa baadaye na watu wengine.

Watu si wanaangalia tu YouTube bila kununua?

Hili ndo swali gumu zaidi hapa. Gemu la mpira ukiangalia mtu anacheza unatamani ushike padi. Gemu la stori ukiangalia mwisho umeshaujua, unanunua nini? Kwa aina ya Telltale hilo ni pigo kweli. Kwa yale ya mafumbo magumu nafuu ipo kidogo, maana mtangazaji akikwama na yeye watazamaji wanaanza kubishana kwenye chati, na kuna wanaozima video waende wakajaribu wenyewe. Ila kama gemu lako utamu wake wote ni mshangao wa mwisho, ujue unaliuza wiki ya kwanza au huliuzi.

Majibu yote yako Google. Fumbo lina maana gani tena?

Majibu yalikuwepo hata zamani, ila yaliuzwa. Infocom walikuwa na vijitabu vinaitwa InvisiClues, vimeandikwa kwa wino usioonekana, unapewa kalamu maalum, unapaka juu ya mstari mmoja dokezo linatokea, na madokezo yamepangwa kuanzia la mbali kwenda jibu lenyewe. Ukijizuia unapaka mstari mmoja tu. Sierra na LucasArts walikuwa na namba za simu za kulipia, unapiga unaambiwa, na bili anaikuta mzazi.

Leo ukiandika swali unakutana na jibu zima kwa mkupuo, fumbo limekufa na la pili yake limekufa pia sababu macho yalishateleza. Wajanja wamerudisha ule wino ndani ya gemu lenyewe. Machinarium ina kitabu cha majibu lakini ukifungue lazima kwanza ucheze kigemu kidogo cha kufyatua buibui, cha kuudhi makusudi. Thimbleweed Park waliongeza simu ya madokezo, unatafuta simu humohumo kwenye gemu unapiga. Return to Monkey Island nayo ina kitabu kinachokupa dokezo dogodogo mpaka utosheke. Gemu la aina hii likitoka leo bila kitu kama hicho naona wametengeneza kwa uvivu.

Wakongwe wakirudi inalipa?

Jina linauza, hilo halina ubishi. Ron Gilbert na Dave Grossman walitoa Return to Monkey Island Septemba 2022, miaka 30 na kitu baada ya lile la pili. Ila ukiuza kumbukumbu unauzia watu ambao kila mmoja ana kumbukumbu yake. Walipoonyesha tu staili mpya ya michoro mashabiki waliwaka, matusi yakamfuata Gilbert mpaka kwenye blogu yake, akasema basi, haandiki tena kuhusu hilo gemu. Michoro yenyewe mi naiona safi, we cheza dakika 20 utaisahau hiyo kesi.

Njia salama zaidi ni kusafisha magemu ya zamani, watu wanayajua na stori imeshaandikwa. Grim Fandango ilisafishwa 2015, Riven 2024, Broken Sword ya kwanza 2024 hiyohiyo. Ken na Roberta Williams nao walitoka kustaafu wakatoa upya Colossal Cave ya 3D mwaka 2023. Heshima zao, ila kwangu pango lile lilikuwa zuri zaidi bila picha.

Mbeleni itakuwaje?

Naona njia mbili, na zote ni ndogo.

Ya kwanza ni wale wa kushika mila. The Crimson Diamond ya 2024 imetengenezwa na dada mmoja wa Kanada, Julia Minamata, rangi 16 tu kama kompyuta za 80, na UNAANDIKA amri kwa kibodi. Ungeniuliza ningesema hilo haliwezekani kuuzika, na limepokelewa vizuri tu. Wadjet Eye wametoa Old Skies 2025. Hawa wana wateja wao wanaojulikana na hawadanganyi mtu.

Ya pili ni waliochukua roho wakaacha mwili. Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, 2018, umepewa meli isiyo na watu na lazima useme kila mmoja alikuwa nani na amekufaje. The Case of the Golden Idol ya 2022, ndugu wawili wa Latvia, unajaza nafasi zilizo wazi kuonyesha umeelewa kilichotokea. Disco Elysium ya 2019 wengi wanaiita RPG, gemu la kukuza uwezo wa mhusika, ila tazama mikono ya mchezaji inafanya nini, anatembea, anabofya, anaongea. Hapa begi la vitu halina tena kazi kubwa, kilichobaki ni kile kitu nilichosema juu, umeshaviona vyote ila hujaelewa. Kama kuna kijana wa miaka 18 atakayependa adivencha bila kujua ni adivencha, ataingilia huku.

Kampuni kubwa kurudi? Sahau.

Si waweke AI, wahusika waongee chochote?

Watajaribu. Ila fumbo linahitaji yule mzee wa funguo aseme kitu kimoja hasa, kwa namna moja, ili kesho ukikumbuka kikusaidie. Akianza kuropoka mambo mia yasiyo na kazi hujui lipi dokezo na lipi upepo. Na kijembe kizuri kinaandikwa na mtu aliyekaa nacho siku nzima.

Mbona huku kwetu hatukukua nayo?

Kompyuta nyumbani zilikuwa za wachache, na gemu kwa wengi wetu lilikuwa la kibandani. Kibanda cha PS unalipia kwa muda. Sasa nani atoe hela yake akae anafikiria jinsi ya kufungua mlango, foleni nyuma yake wanamzomea? Kibandani ni mpira, ngumi, magari na San Andreas. Halafu Kiingereza cha utani wa haraka, unamaliza sentensi wenzako walishacheka.

Naweza kutengeneza la kwangu la Kiswahili?

Unaweza, na hapa napenda sana mtu aniulize. AGS ni ya bure, inatumia Windows, na magemu ya watu yanauzwa kwayo sio ya kujifunzia tu. Fonti hazikusumbui maana Kiswahili hakina herufi za ajabu. Kuiweka gemu Steam ni dola 100 kwa kila gemu.

Kitakachokusumbua ni majibu ya jumla. Kwa Kiingereza wanaandika sentensi moja ya "siwezi kuchukua hiyo" inatumika kwa kila kitu. Wewe kiti utasema siwezi kukichukua, meza kuichukua, jiwe kulichukua. Usiandike jibu moja, tengeneza moja kwa kila ngeli mwanzoni kabisa, au andika jibu lisilotaja kitu, kama "mgongo wenyewe huu?" Inachekesha zaidi pia. Na anza na vyumba vitano, sio kisiwa kizima.

Nianze na lipi?

Ukitaka kucheka, The Secret of Monkey Island toleo lililosafishwa, unaweza kubadilisha picha za zamani na mpya kwa kitufe kimoja. Kama Kiingereza kinakuchosha chukua Machinarium. Kama unapenda upelelezi, Golden Idol. Kama huna hela kabisa, Beneath a Steel Sky ya 1994, wenyewe Revolution Software waliiruhusu iwe ya bure toka 2003, ipo GOG hapo, duka jingine la magemu la mtandaoni, halali kabisa.

Kulipia, hizi kadi za mtandaoni za Visa au Mastercard zinazotengenezwa kupitia pesa za simu zinafanya kazi kwa wengi. Subiri punguzo, haya magemu yanashuka bei mara nyingi sana kwa mwaka.

Simu yangu ya kawaida itacheza?

Ya zamani yatacheza bila hata kupata joto. Pakua ScummVM, programu ya kuchezesha magemu ya zamani kwenye mashine za sasa, ni ya bure, ipo ya Android, jina limetoka kwenye ule mfumo wa Lucasfilm niliosema. Aliyeianzisha 2001 ni Msweden Ludvig Strigeus, ambaye baadaye ndo akatengeneza uTorrent, ile programu ya kupakulia mafaili, kwa hiyo wengi wenu mnamdai shukrani mara mbili. ScummVM haina magemu ndani yake, unatakiwa uwe na mafaili ya gemu lenyewe, unayaweka kwenye folda, unaionyesha folda iko wapi, inalitambua. Kidole kinakuwa mausi. Maandishi ni madogo kwenye skrini ndogo, geuza simu ilale, na kama macho yako ni kama yangu tafuta tableti.